Kabla Hujatoa Ua, Jua Litasomwaje: Mwongozo wa Mfunga Vikuba

Siku za mwanzo nilipoanza kupeleka maua hotelini, huko kaskazini ya Unguja, niliagizwa shada la mawaridi la bibi mmoja wa Kirusi aliyekuwa anatimiza miaka sitini. Nikayafunga kumi na mawili. Kwangu mimi dazeni ni dazeni, na anayetoa dazeni hakubania mkono. Bibi akalipokea kwa mikono miwili, akanibusu, akapitisha kidole juu ya maua kama mtu anayevuta tasbihi, halafu akachomoa waridi moja akampa kijana aliyekuwa akimimina chai. Nikasema moyoni, lo, mkarimu huyu. Tulipotoka nje ndipo yule kijana akaninong'oneza: "Dada, umemletea maua ya maiti." Kwao mtu aliye hai hupewa maua kwa hesabu ya witiri, yaani moja, matatu, matano, saba na kuendelea. Shufwa ni ya kaburini. Bibi wa watu alinisitiri kwa kuchomoa ua moja tu, yakabaki kumi na moja.

Tangu hapo nina daftari. Kila mgeni aliyeniambia jambo kuhusu maua ya kwao nimeliandika, na yale ya bibi yangu wa Chake Chake nimeyaandika pia, maana nayo yanaanza kusahaulika. Haya ninayoyatoa hapa yatamfaa anayeuza maua, anayepokea wageni, na kijana anayetaka kumpelekea mchumba kitu lakini anaogopa uso wa mama mkwe.

Hatua ya kwanza: jua ua linasomwa kwa kiungo gani

Huku kwetu ua husomwa kwa pua. Tazama kuta za mjini: bogenvilia zimemwagika, za zambarau na nyekundu, wala hakuna anayezichuma kumpelekea mwenziwe, kwa sababu hazinukii. Asumini ni ndogo kuliko ukucha wa kidole gumba, nyeupe tupu, haina hata rangi ya kujisifia, na ndiyo inayonunuliwa jioni, ikatungwa, ikavaliwa, ikamwagwa kitandani. Mzungu akipewa ua hulitazama kwanza, ni la aina gani na rangi gani. Wa Urusi, Poland na Ukraine watalihesabu. Mjapani atasikiliza hata maneno yanayofanana na jina la kitu ulichompa. Mhindi hunusa, hutazama, na huangalia limetungwa vipi.

Basi kabla hujagusa mkasi, uliza: anayepewa ni nani, katoka wapi, na siku yenyewe ni ya nini. Usione haya. Mimi huwauliza watu wa mapokezi pasi ya mgeni ni ya nchi gani, na swali hilo limeniokoa mara nyingi kuliko kipaji chochote cha kupanga rangi.

Utaambiwa kuna kamusi ya maua, kwamba ua fulani lina maana fulani dunia nzima. Usiamini. Kamusi hizo zilianza kwa kutoelewana. Mwaka 1718 mke wa balozi wa Uingereza kwa Waturuki, Lady Mary Wortley Montagu, aliandika barua kutoka Istanbul akieleza jinsi wanawake wa kule walivyotumiana salamu kwa maua, matunda, nyuzi na vikorokoro vyengine. Kila kitu kilisimama badala ya mstari wa shairi uliopatana kina na jina lake. Ulikuwa mchezo wa vina, na bila kujua Kituruki huwezi kuucheza. Huko Ulaya watu wakachukua maua wakaacha vina. Mwaka 1819 kikatoka Paris kitabu cha lugha ya maua, vikafuata vyengine chungu nzima, kila kimoja na maana zake, na mara nyingine vikipingana. Sisi hatukuwa na haja navyo. Mwanamke wa hapa akitaka kumpasha mtu ujumbe ana kanga, na kanga haifumbi kama hutaki ifumbe, maneno yameandikwa pale chini. Ndiyo maana ua tumeliachia kazi ya kunukia.

Hatua ya pili: anza na maua ya kwenu

Asumini ndiyo ya kwanza, na ndiyo inayoleta matatizo mengi kwa vijana. Kwetu asumini ni ua la mume na mke. Mwanamke akioga magharibi, akajifukiza udi, akavaa kikuba, kile kishada kidogo cha asumini na mrehani, mwenye nyumba hahitaji kuelezwa. Asumini zikimwagwa juu ya shuka, hilo ni neno zima. Kwa hiyo, mwanangu, usimpelekee binti wa watu kikuba ukidhani umepeleka zawadi ya adabu kama ulivyoona kwenye simu. Wazee wake watalisoma ulilolisema, na si ulilokusudia. Mchumba mpelekee chokoleti, mpelekee kanga doti moja yenye maneno ya heshima, au mawaridi mawili matatu ikiwa kwao ni watu wa mjini waliozoea mambo hayo.

Lakini asumini hiyo hiyo ukiivusha bahari inabadilika. Ile ya petali nene inayonukia usiku, wataalamu wa mimea huiita Jasminum sambac. Ufilipino ni ua la taifa tangu mwaka 1934, na watu hutunga makoja yake na kuyatundika kanisani na kwenye sanamu za watakatifu. Indonesia nako ni moja ya maua ya taifa, na bi harusi wa Kijava husukiwa asumini zikaning'inia kutoka nywelani hadi kifuani. Thailand huwapa mama zao asumini siku ya mama, tarehe 12 Agosti, kwa ajili ya weupe wake. Ukimpa mama wa Kithai asumini umempa heshima ya mtoto, wala hatakutazama kwa jicho la pembeni. Tunisia ndiyo iliyonichekesha. Wana kikuba kama chetu: vitumba vya asumini, jamii nyengine ya asumini, hufungwa kwa uzi juu ya vijiti, huitwa mashmumu, na anayekivaa ni mwanamume, juu ya sikio, akakaa mkahawani na kahawa yake. Hebu mwanamume wa Mkunazini ajaribu.

Kilua ni kizito zaidi ya asumini. Ni ua la rangi ya manjano la mti mdogo wa pwani yetu hii, na wataalamu wameupa mti wenyewe jina la Kiswahili, Mkilua fragrans. Bibi yangu alikuwa akisema kilua hakipelekwi sokoni, akimaanisha kwamba hakivaliwi mchana kweupe. Mgeni wa nchi nyengine hana maana yoyote ya kilua kichwani mwake, kwa hiyo kwake ni harufu tu. Mpe bila ya wasiwasi.

Mrehani ni ruhusa kwa kila mtu. Jina lenyewe ni la Kiarabu, raihani, na limetajwa katika Sura ya Ar-Rahman. Imo hadithi katika Sahih Muslim kwamba mwenye kupewa raihani asiikatae, kwani ni nyepesi kubeba na ina harufu nzuri. Ninapompelekea mtu mzima wa Kiislamu kitu cha kunukia na sina uhakika, hutia mrehani mwingi na asumini kidogo. Wahindi wana ndugu wa mrehani, tulasi, wanaoupanda uani na kuuheshimu kama mungu wa kike, kwa hiyo usiung'oe ovyo kwa jirani ukidhani ni wa kupikia. Wagiriki wa kanisa la Orthodoksi nao humwona padri wao akichovya kishada cha mrehani katika maji ya baraka na kuwanyunyizia. Nilipoambiwa hivyo nilikumbuka mrashi, ile chupa ya kunyunyizia marashi, unavyozungushwa kwenye maulidi.

Huo mrashi unatuleta kwenye waridi. Waridi kwetu limeingia kwa njia ya marashi kabla ya kuingia kwa njia ya shada. Marashi ya mawaridi hunyunyizwa kwenye maulidi, kwenye hitima, kwenye harusi, na Kaaba huoshwa kwa maji ya Zamzam yaliyochanganywa na marashi hayo. Oman, huko Jabal Akhdar, wanayakamua kutoka mawaridi ya milimani, na nyumba nyingi za hapa zilizo na jamaa Muskati zina chupa yake kabatini. Kwa mtu mzima wa hapa, basi, waridi lina harufu ya dua. Kwa kijana wa tarehe 14 Februari ni mapenzi. Mama yule yule anaweza kulisoma kwa namna zote mbili kutegemea nani kalileta, na limefungwa kwa karatasi ya aina gani.

Langilangi nililizoea Pemba, ambako mafuta yake hukamuliwa. Petali zake zimejikunja kama vidole vya mtoto mchanga, na ua likiwa kijani halina neno. Subiri ligeuke manjano. Jina limetoka Ufilipino. Indonesia hulimwaga kwenye kitanda cha maharusi, sawasawa na sisi na asumini zetu. Manukato ya Chanel No. 5 yaliyotoka Ufaransa mwaka 1921 yana langilangi ndani yake, na wageni wa Kifaransa nikiwaambia hivyo hulinunua hata kama hawakukusudia.

Halafu kuna ua ambalo Wazanzibari wengi hawalihesabu kuwa ua. Karafuu ni kitumba. Huchumwa kabla hakijafunuka, kimeanza tu kupiga wekundu, kwa sababu kikichanua kimekwisha thamani. Kisiwa kizima kimeishi kwa maua yaliyokatazwa kuchanua. Visiwa vya Maluku, zilikotoka karafuu, wazee walikuwa na desturi ya kupanda mkarafuu mtoto anapozaliwa, na uhai wa mti wakauhusisha na wa mtoto. Mimi hutia vishikizo vichache vya karafuu kavu katika shada la mgeni anayeondoka, kama alama ya kwetu. Tahadhari moja: wageni wanaojifunza Kiswahili hukutana na neno "karafuu maiti" kwenye kamusi, wakashtuka, wakadhani karafuu ni ya wafu. Waeleze kwamba karafuu maiti ni kafuri, kitu chengine kabisa, inayotumika wakati wa kuosha maiti.

Hatua ya tatu: hesabu

Kwa watu wa Urusi, Poland, Ukraine na jirani zao, witiri kwa walio hai. Ukitaka kufunga mengi sana, kama thelathini na kitu, wengi hawatahesabu, lakini kwa nini ujiweke roho juu? Funga thelathini na moja.

Wachina ni kinyume chake: wanapenda mambo mema yaje mawili mawili, kwa hiyo shufwa ni nzuri, isipokuwa nne, kwa sababu nne kwa Kichina inakaribiana sauti na neno la kifo. Kwa Kijapani nne ni hivyo hivyo, na tisa nayo hawaipendi kwa kuwa inafanana na neno la mateso. Nikipata agizo la meza moja yenye Warusi na Wachina pamoja, kila mtu humpa ua moja moja.

Hatua ya nne: aina na rangi

Hapa kuna ua moja la kulijua kuliko yote, krisanthemu, lile la duara lenye petali nyingi nyembamba, ambalo maduka hulipenda kwa sababu halinyauki upesi. Katika joto letu hili ni mkombozi. Ndilo lililonipa shida ya pili. Nilimfungia bibi mmoja wa Kitaliano krisanthemu nyeupe za meza ya chakula, nzuri kweli, akasimama mlangoni akauliza amekufa nani. Italia, Ufaransa, Poland na kwengine huko Ulaya, krisanthemu ni ua la makaburini, watu huyapeleka mwanzoni mwa Novemba, siku za kuwakumbuka watakatifu na marehemu. Japani mambo yana pande mbili: ile nyeupe ni ya msiba, lakini krisanthemu ya petali kumi na sita ndiyo nembo ya ukoo wa mfalme wao, na imechapishwa hata juu ya pasi zao. Kwa hiyo nembo iko mfukoni mwa mgeni na bado hataki uiweke mezani. Waitaliano tunao wengi fukwe za mashariki, usiwape. Mimosa ya manjano ndiyo yao, wanawake hupewa tarehe 8 Machi.

Ua la rangi ya machungwa ambalo Wagujarati huliita galgota ni la furaha kwa Wahindu. Utaliona limetungwa makoja marefu kwenye hekalu la Hurumzi siku za Diwali, na harusini bwana na bibi huvishana koja mbele ya watu. Mexico ua hilo hilo ndilo la marehemu: tarehe 1 na 2 Novemba humwaga petali kuwaonyesha wafu njia ya kurudi nyumbani, na wanasherehekea, si kilio. Mmexico ukimpa hatakasirika, atakwambia habari za bibi yake.

Kuna na ule mti wa hotelini wenye utomvu mweupe, maua yenye petali tano, meupe yenye manjano katikati, wageni huyaita franjipani. Wapambaji wa harusi za ufukweni wanayapenda kwa sababu ni ya bure, yameanguka chini. Kwa mtu wa Hawaii ni koja la kukaribisha. Kwa mtu wa kisiwa cha Bali, Indonesia, ni la sadaka na ibada. Lakini Malaysia, sehemu nyengine za Indonesia na Ufilipino, mti huo umezoeleka makaburini, na wapo wanaoogopa harufu yake usiku. Niliwahi kuona meza nzima ya maharusi imepambwa nayo, na mama wa bibi harusi, Mmalaysia, akiyakusanya moja moja kwenye kitambaa bila kusema neno. Yule mpambaji hakuuliza.

Rangi nazipita haraka. Nyekundu kwa Mchina ni heri, kwa Mzungu ni mapenzi, kwa hiyo mawaridi mekundu usimpelekee mke wa bosi wako. Manjano kwa Warusi wengi ni ya kuachana. Nyeupe tupu kwa Mhindu na Mchina ina harufu ya msiba. Itie rangi nyengine.

Hatua ya tano: kwa mgonjwa

Mzanzibari akilazwa, mpelekee uji, dafu, na uso wako. Nimeona shada la maua likizungushwa wodini kutafutiwa pahala pa kuwekwa, hatimaye likaachwa dirishani karibu na chupa za chai, na mgonjwa akauliza kama kaka yake amesahau kuleta chungwa. Kama mgonjwa ni mgeni na amelala kwenye hospitali inayoruhusu maua, epuka mawili. Muingereza wa zamani hapendi mekundu na meupe pamoja, kwao ni damu na bendeji. Mjapani usimpelekee ua lililopandwa chunguni, kwani lina mizizi, na neno la kuota mizizi kwao linakaribiana na la kulala kitandani muda mrefu. Maua ya kukatwa, machache, bila harufu kali.

Hatua ya sita: msibani

Kwa Muislamu wa hapa, msibani huendi na shada. Unakwenda na mkono wa rambirambi, unakaa jamvini, unasoma. Vya kunukia vipo, lakini ni ubani, udi, marashi na ile karafuu maiti, na wenye msiba wenyewe ndio wanaovishughulikia.

Lililo muhimu zaidi na linalosahauliwa ni mjane. Akiwa kwenye eda, miezi minne na siku kumi, hajipambi wala hajitii manukato. Usimpelekee asumini. Usimpelekee marashi. Hata mpambe mwenye nia njema kabisa anaweza kufika na kikuba "cha kumtoa huzuni", na huo ni mtihani kwa mwenye kupokea, kwani kukataa ni kumvunja mgeni na kukubali ni kuvunja eda. Subiri itoke. Siku eda inapotoka, na mjane amekogeshwa na kuvalishwa, hapo kikuba kina mahali pake.

Utauliza, mbona tarehe 7 Aprili viongozi wanaweka mashada kwenye kaburi la Mzee Karume pale Kisiwandui? Ndiyo, kwanza husomwa hitima na dua, kisha yanawekwa mashada. Hiyo ni desturi ya dola, na mashada ya dola yana taratibu zake. Kama umepewa kazi ya kuyafunga, fuata maelekezo ya aliyekuagiza na usiongeze utundu. Kwa Wakristo, Waanglikana wa Mkunazini na Wakatoliki wa Minara Miwili, shada kaburini ni jambo la kawaida, meupe yanakubalika, na utepe wenye jina la marehemu uandikwe vizuri. Soma jina mara mbili kabla hujalipeleka. Nimeona likiandikwa vibaya, na hakuna ua la kufunika kosa hilo.

Hatua ya saba: mpaka mkononi mwa mtu

Mawaridi mengi ya madukani kwetu yamevuka bahari kutoka bara. Yakifika yamechoka. Kata shina kimshazari, tumbukiza kwenye ndoo ya maji kivulini, toa majani ya chini yasioze majini, yaache masaa kadhaa kabla ya kuyafunga. Usiyabebe kwenye daladala saa saba mchana. Karatasi ya nailoni yenye kung'aa inapendeza lakini inayapika. Tumia karatasi ya kawaida au jani la mgomba.

Hatua ya nane: funga kikuba mwenyewe

Nimeiacha mwisho kwa sababu ndiyo ninayoipenda, na pia kwa sababu mgeni yeyote akikuuliza umpe ua lenye maana ya Zanzibar, shada la mawaridi halimwambii chochote kipya.

Asumini zichume alasiri, zikiwa vitumba vyeupe vilivyojaa lakini vimefumba. Zilizokwisha funuka ziache mtini, hazitafika usiku. Chukua kwa kikonyo, usiguse petali. Mafuta ya vidole huzitia rangi ya chai. Zifunge kwenye kitambaa kibichi kilichokamuliwa, si cha kutota, maana maji yakisimama juu yake nazo zinaoza kabla ya isha.

Kata ncha za mrehani, vidole viwili urefu. Kama umepata ua la mkadi, chana vile vipande vyake vyeupe viwe vyembamba kama utepe. Mkadi una harufu inayotangulia mlango, kwa hiyo kipande kimoja kinatosha. Kilua kimoja, petali za waridi mbili tatu. Shika mrehani kwa mkono wa kushoto uwe ndio kitanda. Juu yake weka mkadi, halafu waridi, kilua katikati, na asumini zizunguke pembeni, vichwa vyote vikitazama juu. Hapa ndipo wanaoanza hukosea: hubana. Kikuba kikibanwa asumini hazina nafasi ya kufunuka, na ukiamka ni kifundo cha majani. Acha nafasi ya pumzi. Zungusha uzi wa pamba mara tatu chini ya vikonyo, funga, kata mkia wa mrehani usawa. Nyunyiza marashi matone mawili kwa vidole, usiyamwage.

Bibi yangu alikuwa akikinusa kikuba kikiwa tayari, kisha anakipeleka mbali na uso, anasubiri, anakirudisha. Kama mara ya pili alisikia mrehani kabla ya asumini, alikifungua akaanza upya. Nilikuwa mtoto, nikikaa kwenye mkeka nikimshikia uzi, nikiona anapoteza muda.

Mvaaji atakipachika kwa pini kwenye bega la nguo au nyweleni nyuma ya sikio, magharibi ikiingia, na asumini zitafunuka juu yake mwenyewe. Kwa mgeni, mweleze wakati huo, asije akakitia kwenye friji ya hoteli akangojea asubuhi. Kesho yake kitakuwa kahawia. Hakitupwi: kianike kivulini siku mbili, kisha kitie kwenye kasha au kabati la nguo, katikati ya kanga.